Gari la Zamani: Pointi Zibaki au Zing'olewe?

Magari ya zamani hayajatoweka nchini Uganda. Katika nyumba za askari wastaafu, na hata nyuma ya nyumba za kambini, bado huonekana Land Rover za Series III, ambazo zilitengenezwa baina ya 1971 na 1985, Peugeot 504 za aina ile iliyobeba abiria wa safari ndefu, na Volkswagen zenye umbo la kobe. Baadhi yake yalinunuliwa kwa fedha za kiinua mgongo. Mengine yaliachwa na wazazi waliokwisha kufariki. Magari hayo hayakuwekwa kwa fahari peke yake. Hubeba maziwa na magunia ya mahindi, hupeleka watoto shule, na mgonjwa anapozidiwa usiku wa manane ndiyo yanayotegemewa.

Kwa wenye magari hayo swali moja huzuka kila gari linapokataa kuwaka asubuhi au linapozimika katikati ya safari: je, zile pointi zilizomo ndani ya distribyuta zibaki, au zing'olewe na mahali pake pafungwe mtambo wa elektroniki? Muuzaji wa vipuri husifu elektroniki. Fundi mzee husifu pointi. Mwenye gari huachwa katikati, naye ndiye atakayelipa. Wote wawili husahau kumwuliza jambo lililotakiwa kuja mwanzo, nalo ni hili: siku gari litakapozimika, atakuwa nalo nani, na atakuwa wapi?

Yafaa kwanza kueleza kazi yenyewe. Injini ya petroli huhitaji cheche katika kila silinda, lakini betri ina volti 12 tu, nazo haziwezi kuruka nafasi iliyoko kwenye ncha ya plagi. Koili ndiyo inayozigeuza kuwa volti 15,000 na zaidi, na hufanya hivyo pale tu umeme uliokuwa ukipita ndani yake unapokatwa kwa ghafula. Kazi ya kuukata ni ya pointi: vipande viwili vidogo vya chuma, ambavyo hufungana na kuachana kwa kusukumwa na mhimili wenye pembe nne unaozunguka katikati ya distribyuta. Ubavuni pake hukaa kondensa, kikopo kidogo cha bati kinachomeza umeme unaotaka kuruka pointi zinapoachana. Kama kondensa isingekuwapo, umeme ungeruka kwenye pointi badala ya kwenda kwenye plagi, na pointi zingeungua upesi.

Mpango huu ulibuniwa na Mmarekani Charles Kettering, nayo kampuni ya Cadillac ikautumia katika magari yake ya 1910. Katika nchi za jirani zinazofuata Kifaransa, pointi huitwa platini, kwa sababu zile za kale zilikuwa na ncha za madini ya platinamu. Ncha za siku hizi ni za tangsteni, lakini jina limedumu.

Wingi wa kazi ya pointi wastahili kutafakariwa na kila mwenye gari. Injini yenye silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hutaka cheche 6,000 katika dakika hiyo, yaani 100 kwa kila sekunde. Land Rover inayokwenda taratibu kutoka Kampala hadi Gulu, safari ya kilomita zaidi ya 300, itakuwa imefungua na kufunga pointi zake kiasi cha mara milioni moja na nusu kabla dereva hajashuka kunyoosha miguu. Hapana ajabu, basi, kwamba huchakaa.

Huchakaa kwa namna mbili. Nyuso zake huungua kidogo kidogo kwa cheche, upande mmoja ukafanya shimo na upande wa pili ukaota kichuguu. Tena kile kipande cha faiba kinachosugua mhimili hulika, na kadiri kinavyolika ndivyo nafasi baina ya pointi inavyopungua na cheche inavyochelewa. Gari huwa zito mlimani, hunywa petroli kupita kawaida yake, hupata moto, lakini haliachi kwenda. Jambo hili ni kubwa kulijua. Pointi zinapochoka hulalamika kwanza. Kwa majuma kadhaa gari huwa gumu kuwaka asubuhi ya baridi na hukohoa linapokanyagwa, na dereva mwenye masikio hupata nafasi ya kujitayarisha. Kondensa haina adabu hiyo. Yaweza kufa wakati wowote, hata ikiwa mpya, na mafundi wengi wa magari ya zamani husema kwamba nyingi za zile zinazouzwa siku hizi hazina uhai wa zile za zamani. Ndiyo maana dereva mwangalifu haitupi kondensa nzuri aliyoitoa. Huifunga katika karatasi na kuiweka akiba.

Kurekebisha pointi si kazi ya kuogopwa. Kifuniko cha distribyuta hufunguliwa, rota hutolewa, na injini huzungushwa kwa mkono mpaka ile faiba ikae juu ya pembe ya mhimili, mahali ambapo pointi zimeachana kabisa. Katika Land Rover yenye injini ya petroli ya lita 2.25, nafasi hiyo hutakiwa iwe baina ya inchi 0.014 na 0.016, katika Volkswagen ni milimita 0.4, ambayo ni karibu sawa. Hupimwa kwa fila, yale majani ya chuma ambayo makanika wa zamani hakukosa kuwa nayo mfukoni. Skrubu hulegezwa, pointi husogezwa, skrubu hukazwa, kisha nafasi hupimwa tena, maana kule kukaza kwenyewe huzisogeza. Wengi huacha kupima mara ya pili, halafu humlaumu aliyeziunda. Jani la fila lifutwe mafuta kabla ya kuingizwa, kwa kuwa mafuta yakibaki juu ya pointi huungua yakawa masizi, na masizi huzuia umeme. Kwenye mhimili nako hupakwa grisi, lakini kidogo sana. Ikizidi hurushwa na mzunguko ikaangukia palepale isipotakiwa.

Baada ya hapo majira ya cheche hayana budi kuangaliwa, kwa sababu nafasi ya pointi ikibadilika nayo hubadilika. Hapahitajiki chombo cha gharama. Balbu ya volti 12 iliyofungwa nyaya mbili yatosha: waya mmoja hushikizwa kwenye upande wa koili unaokwenda kwenye distribyuta, wa pili kwenye chuma cha gari, na swichi huwashwa. Injini ikizungushwa polepole kwa mkono, balbu huwaka papo hapo pointi zinapoachana. Ikiwa wakati huo alama ya kwenye puli imefika mahali ilipoandikiwa, kazi imekwisha. Na aliyekwama njiani bila fila huweza kutumia kipande cha kadi ngumu, kama ile ya mwaliko wa harusi. Si kipimo cha kujivunia, lakini humfikisha mtu nyumbani.

Wapo wasemao kwamba pointi ni dhaifu na hazifai kwa barabara za vumbi na mabonde. Hao wangekumbushwa mashindano ya Safari, yaliyoanza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda Safari ya 1963, kisha ikashinda tena 1966, 1967 na 1968, na ndani ya distribyuta yake zilikuwamo pointi kama hizihizi. Tofauti ni kwamba magari yale yalikuwa na mafundi waliyoyahudumia kabla hayajalalamika.

Elektroniki ilikuja kuondoa kile kinachosugua na kile kinachoungua. Badala ya pointi huwekwa transista, ambayo hukata umeme wa koili bila kitu chochote kugusana. Transista huamriwa na kichungulia kidogo kinachotambua sumaku: pete yenye vipande vya sumaku huvalishwa mhimilini, na kila sumaku inapopita mbele ya kichungulia, umeme hukatwa na cheche hutokea. Elimu hiyo ya sumaku na umeme ilivumbuliwa na Edwin Hall wa Marekani mwaka 1879, miaka mingi kabla haijapata kazi ya namna hii. Kampuni ya Chrysler iliyafunga magari yake yote ya Marekani mtambo wa elektroniki kuanzia yale ya 1973, na wengine wakafuata. Kwa magari yaliyoundwa na pointi hutengenezwa moduli ndogo inayoingia humohumo ndani ya distribyuta, ikitoa nyaya mbili tu kwenda kwenye koili. Kifuniko kikirudishwa, hata mpenzi wa magari ya kale hawezi kujua upesi kwamba kuna kilichobadilishwa.

Faida yake ni ya kweli. Nafasi haihitaji kupimwa tena, kwa kuwa hakuna nafasi ya pointi. Majira ya cheche yakishawekwa hayahami kwa sababu ya faiba kulika. Injini hunguruma kwa utulivu inaposimama, na asubuhi huwaka kwa wepesi. Mtu anayeendesha kila siku mjini, asiyependa kufungua boneti, hupumzika. Lakini ile habari ya kuokoa petroli nyingi, ambayo wauzaji huipigia baragumu, ipokewe kwa uangalifu. Ikilinganishwa na pointi zilizochoka, moduli huokoa petroli bila shaka. Hata pointi mpya zingefanya vivyo hivyo. Ikilinganishwa na pointi zilizopangwa vizuri, tofauti katika gari la kawaida ni ndogo.

Ama kasoro yake ni namna ya kufa kwake. Moduli nzuri huweza kukaa miaka mingi bila kusema neno, kisha siku moja ikanyamaza kabisa, pengine juani, penye mwinuko, mbali na mji. Hapana kitu cha kupiga msasa wala skrubu ya kukaza. Ikiwa mwenye gari hana ya pili, gari huvutwa kwa kamba. Tena betri ikiwa imedhoofika mpaka stata inageuka kwa kuvutavuta, moduli nyingi hukosa volti za kuziamsha, hali pointi zingeweza kutoa cheche kwa umeme uleule mdogo, hasa gari likisukumwa na vijana wanne.

Hapa pana jambo ambalo limewagharimu watu fedha nyingi. Kuna maradhi ya gari ambayo kila mtu huyajua: asubuhi huwaka vizuri, hukimbia saa moja, kisha jua linapopanda na injini ikishika moto, huzimika. Dereva huketi kivulini nusu saa, hujaribu tena, nalo huwaka kana kwamba halikuwa na neno. Baada ya kilomita kadhaa huzimika tena. Mwenye gari akifika kwa fundi na kisa hicho, aghalabu huambiwa kwamba pointi zimepitwa na wakati, na dawa ni elektroniki. Fedha hutolewa, moduli hufungwa, na juma linalofuata gari huzimika palepale. Maana kondensa ikianza kufa huleta dalili hiyohiyo. Koili ambayo nyaya zake za ndani zimeachia huleta dalili hiyohiyo. Petroli ikichemka ndani ya bomba lililopita karibu mno na injini huleta dalili hiyohiyo. Na moduli yenyewe ikizidiwa na joto, dalili ni hiyohiyo.

Kutenganisha maradhi hayo hakuhitaji zaidi ya dakika kumi, lakini sharti kufanywe palepale gari lilipozimika, kabla halijapoa. Kwa gari la pointi, waya mnene wa katikati hutolewa kwenye kifuniko cha distribyuta na kushikwa kwa koleo yenye mpini wa mpira, ncha yake ikiwa mbali na chuma cha injini kiasi cha milimita tano. Swichi iwashwe na mtu wa pili azungushe injini. Cheche ya buluu yenye mlio mkavu ikionekana, mtambo wa cheche ni mzima, na kosa litafutwe kwenye petroli. Cheche ikiwa nyembamba ya manjano, au isionekane kabisa, kifuniko kifunguliwe na pointi zitazamwe zikiachana: zikitoa mwako mkubwa wa buluu kila mara, kondensa ndiyo iliyokufa. Kondensa ikibadilishwa na hali isibadilike, koili ishukiwe, hasa ikiwa ina joto lisilovumilika mkononi. Jaribio hilo la kurusha cheche hewani lisifanywe kwa gari la elektroniki. Moduli nyingi huharibika umeme ukikosa mahali pa kwenda, na mshtuko wake kwa mshikaji si wa mchezo. Huko hupimwa kwa plagi ya ziada iliyoungwa kwenye waya wake, chuma chake kikiwa kimefungwa barabara kwenye mwili wa injini.

Kabla ya kununua chochote, mhimili wa distribyuta nao ushikwe kwa vidole na kusukumwa huku na huku. Ukicheza, nafasi ya pointi haiwezi kutulia hata ikipimwa na mhandisi, kwa kuwa hubadilika katika kila mzunguko. Gari la namna hiyo hupata nafuu kubwa kwa moduli, maana sumaku haijali sana mtikisiko mdogo. Ni nafuu tu, lakini, na bushi zilizolika zitaendelea kulika. Vilevile zile ngumi mbili ndogo za chuma zilizo chini ya sahani, ambazo huwahisha cheche kadiri injini inavyokimbia, hubaki mahali pake hata pointi zikiondolewa. Zikiwa zimeshikwa na kutu, gari litakuwa zito kwa pointi na litakuwa zito kwa elektroniki. Matone mawili ya mafuta mepesi kila baada ya miezi kadhaa huzitosha, na hakuna muuzaji wa moduli anayekumbuka kulisema hilo.

Aliyekwisha kuamua kufunga elektroniki ana mambo ya kutazama, na haya ndiyo yanayoua moduli mpya siku ya kwanza. Volti zijulikane. Land Rover za jeshi zilizotengenezwa kwa kubeba redio zilikuwa na volti 24, na Volkswagen nyingi za kabla ya miaka ya mwisho ya 1960 zilikuwa na volti 6. Moduli ya volti 12 haifai kwa yoyote kati ya hizo. Upande wa betri uliofungwa kwenye chuma cha gari ujulikane pia: Land Rover nyingi zilizotangulia Series III zilifungwa upande wa chanya, kinyume cha ilivyo sasa, na moduli iliyofungwa kinyume hufa kabla injini haijageuka. Koili ipimwe kwa mita. Ile ya kawaida ya gari la volti 12 lisilotumia rezista hupima karibu omu 3; ikipima pungufu ya kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya moduli, itapitisha umeme mwingi kuliko moduli inavyoweza kustahimili. Nyaya za plagi ziwe za aina inayozuia kelele za redio, maana nyaya za shaba tupu huisumbua elektroniki. Na gari likipelekwa kuchomelewa mwili, betri ifunguliwe kwanza; fundi wa kuchomelea hatakumbuka, hiyo si kazi yake.

La nyumbani ni ufunguo. Watoto hupenda kuketi garini na kusikiliza redio, na katika magari mengi ya zamani redio hailii mpaka swichi iwashwe. Kwa gari la pointi, mchezo huo huweza kuunguza koili ikitokea pointi zimefungana. Kwa gari la moduli nyepesi huweza kuunguza koili na moduli pamoja, katika muda ambao mama yuko jikoni akisonga ugali. Ufunguo utundikwe juu.

Hivyo ndivyo vyombo vyote viwili vilivyo, na sasa lile swali la mwanzo laweza kurudiwa. Askari ni mtu wa kuhamishwa. Polisi aliyeko Jinja leo huweza kuamriwa kwenda Kotido kesho kutwa, na kuanzia 2007 maelfu ya wanajeshi wa Uganda walipelekwa Somalia kwa zamu za miezi mingi. Gari hubaki nyumbani, na anayebaki nalo ni mke, au mama mzazi, au kijana aliyemaliza shule. Mara nyingi mwenye kwenda ndiye aliyekuwa akipanga pointi kila baada ya kilomita elfu tano, kimya kimya, Jumamosi asubuhi, wala hakuna aliyejua kwamba kazi hiyo ilikuwa ikifanywa. Miezi minne baada ya kuondoka kwake gari huanza kukohoa. Mke hulipeleka kwa fundi kijana ambaye tangu ajifunze kazi amefungua Toyota zilizotoka Japani, zenye koili moja juu ya kila plagi. Fundi huyo ana ustadi wake, lakini pointi hajapata kuzipanga, na pengine hataki kusema hivyo mbele ya mteja.

Kwa nyumba ya namna hiyo elektroniki inafaa, mradi ifungwe miezi miwili au mitatu kabla ya mume kuondoka, asilani isiwe wiki ya kufunga mabegi. Moduli yenye kasoro ya kiwandani aghalabu huijulisha mapema, na ni afadhali ijulishe wakati aliyeifunga yuko karibu. Iendeshwe juani, ipandishwe milima, isimamishwe katika msongamano wa magari ambapo joto la injini hupanda. Ikistahimili hayo, iaminiwe kwa kiasi.

Ipo nyumba nyingine, ambayo mke amekwisha kujua kushika fila, au ana nia ya kujua. Huko pointi zibaki. Hakuna sababu ya kumnunulia chombo kipya mtu anayeweza kukitengeneza cha zamani kwa dakika ishirini, na kazi yenyewe, kama ilivyokwisha kuelezwa, ni nyepesi kuliko kushona zipu ya suruali. Wapo waume wanaoona haya kumwelekeza mke chini ya boneti. Haya hiyo humalizika siku moja usiku, mtoto akiwa na homa kali na gari likiwa halitaki kuwaka. Vivyo hivyo kwa mstaafu aishiye mbali na mji na ambaye mikono yake bado imara: pointi humfaa, kwa kuwa vifaa vyote vya kuzitengeneza huingia katika mfuko mmoja wa shati.

Pana pia njia ya katikati, ambayo ilijulikana sana miaka ya 1970 na ambayo bado huonekana kwa nadra: pointi huachwa mahali pake, lakini kazi nzito ya kukata umeme wa koili hupewa kisanduku cha transista kilichofungwa kando. Pointi hubaki na kazi ya kutoa amri tu, umeme unaopita juu yake ni mdogo, nazo haziungui. Faiba huendelea kulika, kwa hiyo fila haistaafu. Uzuri wake ni kwamba kisanduku kikifa, nyaya mbili hubadilishwa na gari hurudi kwenye pointi na kondensa yake ya zamani, likaendelea na safari. Kwa Land Rover inayokwenda Karamoja hapana shauri jema kuliko hilo, kama kisanduku kinapatikana.

Anayefunga moduli kamili naye hana haja ya kuikosa akiba hiyo. Pointi na kondensa alizozitoa, zikiwa nzima, zisiachwe kwa fundi. Zisafishwe, zipimwe, zifungwe katika plastiki pamoja na skrubu zake, ambazo ni ndogo na hazisameheki zikipotea. Ziwekwe katika kikopo cha bati chenye kifuniko, pamoja na bisibisi fupi, fila, rota ya pili na kile kipande cha balbu chenye nyaya mbili. Kikopo kikae chini ya kiti cha dereva na kisihamishwe hata gari likioshwa. Ndani yake iwekwe karatasi iliyoandikwa kwa mkono unaosomeka: nafasi ya pointi, waya upi unafungwa wapi kwenye koili, na mpango wa cheche, ambao kwa Land Rover ya lita 2.25 ni 1-3-4-2 na kwa Volkswagen ni 1-4-3-2. Siku ambayo mume bado yuko nyumbani, aketi kivulini na saa mkononi, mke aitoe moduli na kurudisha pointi yeye mwenyewe, bila kusaidiwa, mpaka injini iwake.